Tangi la Mama Linavuja

Mama yangu anaitwa Maximilla. Ukipita Heru Juu ukaulizia nyumba ya mama mwenye samaki ndani ya kabati la kioo, hutapotea. Watakuonyesha kwa kidole, watacheka, halafu watakuonya usimuulize wale samaki wanaliwa lini. Swali hilo halipendi kabisa. Mimi Careen, mwanawe wa mwisho kumzaa, niliwahi kumuuliza kwa utani tu, siku hiyo nikala ugali mkavu.

Mama ni mkulima wa muhogo na maharage, mtu wa jembe tangu usichana wake. Baba alipofariki alishuka mjini Kasulu kutafuta kazi, akapata ya kupika kwa Daktari Abdulrahmani, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku na serikali. Wale wawili waligombana kuhusu nazi muda wote walioishi pamoja. Daktari anataka nazi kwenye wali, nazi kwenye maharage, nazi kwenye kila kitu, na nazi Kasulu utaitoa wapi? Mama anampikia kwa mawese. Daktari anakula huku ananung'unika, kesho yake anaomba tena hayohayo ya mawese.

Sebuleni kwa daktari kulikuwa na tangi la kioo, refu kama benchi la kanisani, na ndani yake samaki wadogo wa kwenye mawe aliowaleta kutoka ziwani Kigoma, wa njano na wa bluu. Mwaka 2012 daktari akahamishiwa Singida. Tangi halibebeki mpaka Singida. Akamwambia mama, "Maximilla, hawa sasa ni wako. Ukiwakaanga nitajua." Mama akalipandisha tangi Heru Juu kwa mkokoteni, yeye akitembea nyuma na ndoo ya samaki kichwani, na njia nzima watu wanamsimamisha wanunue kitoweo. Alifika kwake amenuna mpaka nyusi zimeungana.

Tangu hapo mama na samaki wake. Umeme nyumbani kwake hakuna, kwa hiyo kila asubuhi huchota maji ya tangi kwa kikombe, akainua mkono juu, akayamimina tena taratibu, anachota anamimina, namna ile ya kupoza chai ya mtoto. Anasema ndivyo daktari alivyomwonyesha siku umeme ukikatika, ili samaki wapate hewa. Huwalisha kumbikumbi na unga wa dagaa. Hapo kwenye dagaa ndipo majirani waliposhika vichwa. Samaki analishwa samaki, na watu wamekaa wanakula kisamvu! Mama akawajibu kwamba hata wao wanawalisha kuku mayai yaliyovunjika na hakuna aliyewasema. Yeye mwenyewe samaki hagusi tena. Anasema hawezi kula ndugu wa watu anaoishi nao.

Sasa kuna jambo jingine, na bila hilo hutanielewa. Katika ukoo wetu, mama na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawatajani majina, na mama mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkwe. Siyo ugomvi, ni heshima. Wengine siku hizi wameacha, wanakaa meza moja na kupiga picha za simu. Mama yangu hajaacha. Mimi nimeolewa na Japhet, fundi wa vioo na madirisha ya alumini pale Murubona, mjini Kasulu, na tangu harusi mama alikuwa amemwona mgongo tu. Japhet akienda kusalimia husimama uani, anakohoa. Mama anajifunika kanga, anaingia chumbani. Mimi nakaa mlangoni kupeleka maneno.

"Mwambie huyo bwana, habari za kazi."

"Japhet, mama anauliza habari za kazi."

"Mwambie mama kazi ni nzuri, namshukuru."

"Mama, kazi ni nzuri, anakushukuru."

"Nimesikia. Mimi kiziwi?"

Jamani! Kama umesikia, mimi nakaa hapa mlangoni nifanye nini? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilizoea. Mpaka mwaka 2014.

Mwaka huo masika yalianza nikiwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliharibika, na siku ilipoharibika nilikuwa peke yangu mjini. Japhet alikuwa Kibondo anafunga madirisha ya shule, na mama alikuwa Heru Juu, upande wa pili wa desturi yake. Sitaki kuisimulia siku ile. Ninachosema ni kwamba safari hii nilimtaka mama yangu, na sikutaka mwingine. Nesi Generosa wa kliniki alikuwa amenikataza kwenda kukaa mbali na hospitali, na njia ya Heru Juu wakati wa mvua ni uji mtupu. Kwa hiyo mimi nisingeweza kwenda kukaa kwake. Yeye ndiye aje kwangu, alale kwangu, anishike mgongo saa ikifika.

Nikapanda bodaboda ya Sylvesta, jirani yetu wa Heru Juu, nikaenda kumwomba. Mama aliendelea kuchambua maharage.

"Nyumba ya mkwe haikanyagwi, mwanangu. Unajua. Na hawa samaki nitamwachia nani?"

Nikasema, "Basi, mama."

Nilisema basi kwa mdomo. Kurudi mjini nililia njia nzima nyuma ya Sylvesta, na yeye, Mungu ambariki, alianza kuimba kwa sauti ya kutisha ili ajifanye hanisikii.

Haikupita hata wiki, simu ikalia. Mama. Yeye simu huwa anapiga kelele, kana kwamba anataka sauti ifike kwa miguu.

"Careen! Tangi linavuja! Na Nyamwiza ana mimba!"

Nyamwiza ndiye samaki wake mkubwa wa njano. Samaki wa aina ile, usinicheke, mimba yake ni ya mdomoni. Akishataga anayaokota mayai yake yote, anayaweka kinywani, anafumba, na hali kitu mpaka watoto watoke wakiwa wanajua kuogelea. Mashavu yanamvimba, mwili unakonda. Mara mbili huko nyuma Nyamwiza alishika mimba hivyo, na mara zote mbili alishtushwa akayameza mayai. Mara moja ilikuwa paka, mara nyingine mwenyekiti wa kitongoji aliyegonga kioo kwa fimbo. Mama alimsema mwenyekiti yule mbele ya mkutano wa kijiji.

"Linavujia wapi?" nikamuuliza.

"Chini, kwenye kona, mbele. Tone, tone, tone. Sakafu imekuwa matope. Maji yakiisha atafia humu na wanawe mdomoni, Careen!"

Sauti yake ilikatika hapo. Mama yangu si mtu wa kulia kwenye simu, nami nikavaa viatu.

Kabla sijafika, msaada ulikuwa umeshafika, na ndio ulioharibu. Sylvesta alimwambia mama kwamba tangi la pikipiki likitoboka wao hulisugua sabuni ya kipande, na petroli haitoki tena. Tangi ni tangi, alisema. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua ile kona nje, halafu kwa ushujaa wake akazamisha mkono akasugua na ndani. Nyie! Petroli haiyeyushi sabuni, lakini maji je? Muda mfupi tangi likaanza kutoa povu. Mama alimtoa Sylvesta mbio kwa mwiko, akawachota samaki wote wanne kwa bakuli akawatia kwenye beseni la maji safi. Walipona kwa neema tu.

Alipolisuuza tangi akajaribu dawa yake mwenyewe, ugali wa muhogo. Mantiki yake ilikuwa kwamba ugali wa muhogo ukikaukia kwenye sufuria hautoki hata kwa panga. Akakandika ufa wote kwa ndani, akaacha ukakauka, akajaza maji, akarudisha samaki. Asubuhi ugali haupo. Wale watatu wengine walikuwa wameula wakavimba matumbo, wamelala chini wamechoka. Nyamwiza peke yake hakuugusa, mdomo kaufumba vilevile.

Japhet nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akachukua mrija wa gundi ya silikoni kwenye rafu, ile ya vioo, akasema ya vyooni ina sumu ya kuzuia ukungu na itaua samaki. Akanipa maelekezo. Maji yote yamwagwe. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, maana silikoni haishiki juu ya silikoni. Kioo kifutwe kwa spiriti, kikauke. Ndipo ipakwe kwa ndani, iachwe siku kadhaa bila kuguswa.

Nikayapeleka maneno hayo Heru Juu neno kwa neno.

"Mwambie huyo bwana nimesafisha vioo vya daktari kabla yeye hajajua kushika wembe," akasema mama. "Na nyumba ya mwenye mimba haibomolewi akiwa ndani." Akaipaka gundi yote kwa nje, juu ya kioo kilicholowa, tangi limejaa. Ilikaa kidogo ikabanduka kama ngozi ya ndizi. Maji yakaendelea.

Nikampelekea Japhet habari. Japhet akasema mwambie mama hivi. Nikampigia mama. Mama akasema mwambie huyo bwana vile. Hapo ndipo nilipochoka. Mgongo unauma, miguu imevimba, na mimi ni redio ya watu wawili wanaosikiana.

"Sikilizeni!" nikafoka kwenye simu, na Japhet yupo mbele yangu, kwa hiyo wote walinisikia. "Mmoja ana mikono, mwingine ana tangi, mimi nina mimba! Jumamosi Japhet anakuja kuliziba hilo tangi. Mama, wewe utakaa jikoni. Mimi sipeleki neno jingine!"

Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Yego, sawa. Aje."

Jumamosi tulifika asubuhi. Japhet akakohoa uani, mama akajifungia jikoni na beseni la samaki, kalifunika kwa ungo. Japhet akaingia sebuleni kwa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alisimama katikati ya chumba kofia mkononi, anaangalia picha ya marehemu baba ukutani, mpaka nikamsukuma.

Akaanza kazi. Anakwangua kwa wembe, anafuta, anakwangua. Ghafla akasonya. Kioo cha mbele kilikuwa kimeachia karibu chote, ukikisukuma kinacheza. Kumbe kuziba tu hakutoshi. Inabidi kitolewe, kisafishwe, kirudishwe na gundi mpya. Kukitoa alikitoa mwenyewe, lakini kukirudisha kunataka watu wawili, mmoja nje anakiweka, mmoja ndani anakipokea, kikae sawa mara moja tu. Mimi akanikataza kukigusa, kioo kizito na tumbo lilee. Sylvesta, aliyekuwa anatafuta msamaha wa ile sabuni, akaapa kwamba anampeleka abiria mmoja tu hapo chini na kurudi.

Japhet akamwamini. Akapaka gundi pembe zote. Gundi ilikuwa imeshakaa kwenye kioo, inanuka siki nyumba nzima, ndipo mvua ikashuka. Ile mvua ya kwetu ya milimani, isiyobisha hodi. Sylvesta hakuonekana.

"Ikishika utando imekwisha," Japhet akasema, na uso umembadilika. "Na mrija mwingine sina. Careen, hapana mtu?"

Nikaenda mlango wa jikoni. Nikasimama. Mama alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, ungo kaufunua, anamwangalia Nyamwiza.

"Amebaki mifupa," mama akasema. "Kama maji ya beseni yakichafuka kabla tangi halijapona, atameza."

"Gundi inakauka, mama. Anahitaji mikono miwili."

Mama aliinuka, akajitazama mikono, akaifuta kwenye gauni. "Nifungie kanga katikati."

Basi nikafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa picha ya baba, juu kabisa ya tangi, nikatundika kanga ya mama. Mama akapita nyuma ya tangi amejifunika nyingine kichwani, akakaa upande ule, Japhet upande huu, kanga katikati. Kanga yenyewe imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Sikuichagua. Ndiyo iliyokuwa kavu.

Mikono ya mama ikatokea chini ya pindo, ikaingia ndani ya tangi. Japhet akakiinua kioo.

"Mwambie mama apokee upande wa kushoto," Japhet akaniambia.

"Mwambie wa kushoto wake au wangu?" mama akaniuliza.

"Msiniletee!" nikasema.

Japhet akakishusha, mama akakipokea, na kwa sekunde moja nikashukuru Mungu. Hapo pindo la kanga likagusa gundi mbichi. Mama akajaribu kulitoa kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Kamba ikang'oka msumarini. Kanga ikaanguka yote, picha ya baba ikaenda upande, na kioo kikaanza kulala.

"Mawe we, mama yangu! Japheeet! Shika kioo!"

"Nimeshika, mama!"

Walikishika wote wawili, huku na huku, kikasimama. Na hapo ndipo kila mmoja alipogundua anamtazama nani. Mama yangu na mume wangu, pua kwa pua, kati yao kioo tu, na jina la mkwe limeshatamkwa kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Hakuna aliyeweza kugeuka wala kujifunika. Ukiachia, kazi yote imekufa.

"Careen," Japhet akasema kwa upole sana, hata midomo haisogei, "ile mipira ya kufungia. Iko wapi?"

Mipira, zile kanda za mpira wa tairi la baiskeli anazofungia vioo mpaka gundi ishike, ilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Niliishika kwa mkono wangu huu. Nikawaangalia wale wawili.

"Labda jikoni," nikasema. "Ngoja nikaitafute."

Nikaenda jikoni, nikavuta kigoda, nikafunua sufuria. Kulikuwa na maharage ya jana. Nikaanza kula, taratibu, na mlango nimeuacha wazi. Tangu harusi nimekuwa mdomo wao. Acha watumie yao.

Kwa muda ilisikika mvua tu juu ya bati. Halafu mama:

"Usilegeze."

"Silegezi, mama."

Nikachota kijiko kingine.

"Kumbe huna chongo."

"Mimi? Chongo?"

"Shangazi yake Careen aliniambia binti yangu anaolewa na mwenye chongo. Nimesali kwa ajili ya jicho lako tangu harusi."

Nikasikia Japhet anajaribu kuzuia kicheko, na mama anamkemea, "Usicheke, kinatikisika!" huku sauti yake mwenyewe inatikisika. Nilitaka kucheka na mimi, maharage yakanipalia.

Kisha sauti ya mama ikabadilika. "Mwanangu anakula?"

"Hali, mama. Anasukuma sahani, anasema ameshiba. Halali vizuri. Anaogopa." Japhet akashusha sauti. "Ile ya kwanza mimi sikuwepo. Mwaka huu kazi za mbali nimezikataa zote, nipo nyumbani kila siku. Lakini anayemtaka siyo mimi."

"Anamtaka nani?"

"Mama, unajua."

Mvua ilinyesha. Niliacha kutafuna.

"Aliniomba," mama akasema. "Nikamkatalia, akasema basi. Nikajua ameelewa."

"Careen akisema basi huwa hajamaliza, mama. Mimi nimeshajifunza."

Hapo machozi yalinitoka mpaka kwenye maharage. Karibu na mguu wangu, ndani ya beseni, Nyamwiza alikuwa amesimama mahali pamoja, mashavu yamevimba, mapezi yanapepea kidogo kidogo. Nikamwambia, vumilia dada, na wewe.

"We Careen!" mama akafoka kutoka sebuleni. "Hiyo mipira umeenda kuigema Kigoma?"

Nikajifuta uso, nikaitoa mipira mfukoni, nikaenda. Japhet aliitazama mipira, kisha akalitazama shavu langu lenye harage. Tulikifunga kioo pande zote, kikakaza. Kipande cha pindo la kanga kilibaki kimenasa kwenye gundi, na mpaka leo kipo, ukichungulia kona ya chini utaona herufi mbili tatu.

Gundi iliachwa ikauke. Mama aliwalinda samaki kwenye beseni usiku na mchana, akibadili maji, akichota na kumimina kwa kikombe mpaka bega likamuuma. Tangi lilipojazwa tena, alitandika majivu sakafuni chini ya ile kona ili tone likidondoka alione. Majivu yalibaki makavu. Samaki wakarudi. Na siku chache baadaye simu ikalia kwa kelele ile ile.

"Wametoka! Careen, wametoka! Wadogo kama punje za ulezi! Wakisikia kishindo wanakimbilia mdomoni kwa mama yao, wote, wanaingia, anafumba!"

"Hongera, mama," nikasema.

"Na yeye kala leo. Kala kumbikumbi watatu."

Nilingoja aseme jambo jingine. Akakata simu. Na mimi sikumwomba tena. Nilikuwa nimeshaomba mara moja, na nina kiburi cha kwetu. Miezi ikaenda. Japhet akawa anatengeneza jioni meza fulani imara ya alumini, anasema ni ya mteja. Akanunua na kuku jike, akamfunga kamba uani, anasema ni wa mayai. Kuku hakutaga hata yai moja, na mteja wa meza hakuja.

Mvua zilipokatika, tumbo limeshuka, asubuhi moja nikasikia kelele barabarani. Watoto, wapita njia, honi ya Sylvesta. Nikatoka kibarazani nimejishika kiuno. Mkokoteni unakuja, juu yake tangi la kioo limefungwa kwa magunia. Sylvesta anausindikiza na pikipiki polepole. Na nyuma, ndoo kichwani, mama yangu, amenuna kweli kweli, maana njia nzima walikuwa wanamsimamisha wanunue kitoweo.

Alisimama nje ya kizingiti. Hapo nilijua kila kitu kinaweza kuharibika. Japhet akatoka mbio na yule kuku kampakata, kumbe alikuwa kuku wa desturi wa kumfungulia mama mkwe mlango, akainama, akaanza kusema maneno aliyokuwa ameyakariri.

"Kuku baadaye," mama akamkata. Ndoo alishaitua. "Mwenye mkokoteni anataka kuondoka. Shika huku, mimi nashika huku. Na polepole, hiyo gundi yako naijua."

Japhet alimtupia Sylvesta kuku. Wakalinyanyua tangi, yeye mbele akienda kinyumenyume, mama nyuma, macho yote kwenye kile kioo cha mbele. "Inua. Inua kidogo. Kushoto. Kushoto kwangu!" Wakapita kizingiti. Wakapita kiti. Wakaliweka juu ya ile meza ya alumini, nalo likakaa sawasawa, maana lilikuwa limepimwa kwa ajili yake.

Mama akajinyoosha, akashusha pumzi.

"Mama," nikasema, "umeingia ndani."

Akatazama sakafu. Akatazama mlango nyuma yake, na paa, na Japhet aliyesimama mikono mitupu. Mama yangu ni mtu wa kujua miguu yake ilipo. Sijui mpaka leo kama kweli hakuiona ilipokuwa inavuka.

"Mimi nimeleta tangi," akasema. "Nani mwingine angeshika upande wa pili?" Kisha akafungua kanga aliyojitanda kichwani, akajifunga kiunoni, akanitazama kuanzia miguu iliyovimba hadi usoni. "Japhet, jiko liko wapi? Huyu mtoto hajala."

"Kulia, mama," akasema Japhet. "Karibu."